Darasa Safi Kuliko Yote

Inspekta alikata utepe wa polisi uliouzuia mlango wa Darasa la Nne, akafungua kufuli, akasimama kizingitini bila kuingia. Siku nne zilikuwa zimepita tangu msichana wa miaka kumi aanguke ndani ya chumba hicho, akiitafuta pumzi asiipate, na kufariki dunia kabla gari halijafika hospitali. Siku tatu zilikuwa zimepita tangu Inspekta mwenyewe amtie pingu mtunza majengo wa shule, mzee ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Mzee Funguo, mbele ya wanafunzi wote waliokuwa mstarini. Sasa ilikuwa saa mbili asubuhi. Saa nane mchana mzee huyo angefikishwa kwa hakimu kujibu shtaka la kumwua mtoto kwa sumu.

"Jifunge kitambaa puani," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa mtaalamu wa maabara, mwanamke mfupi mwenye miwani minene, ambaye askari walimbandika jina la Bi Darubini, naye akalipokea kama cheo.

"Chumba kimefungwa siku tatu," alisema Inspekta. "Kama kulikuwa na sumu hewani, imekwisha kupotea."

"Ndiyo maana nakwambia ujifunge. Sikuja hapa kwa ajili ya sumu."

Waliingia. Sakafu ya saruji nyekundu ilimeremeta hata miguu ya madawati ikaonekana mara mbili, juu na chini. Vioo vya madirisha havikuwa na doa, na kila dirisha lilifungwa kwa komeo. Mbele, chini ya ubao, lilikuwapo jukwaa la mbao alilosimamia mwalimu, lenye kimo cha kiganja kimoja na nusu. Juu ya ubao ilining'inia ngao ya shaba iliyoandikwa *Darasa Safi Kuliko Yote*. Na katikati ya usafi huo wote ilitanda harufu hafifu, kama ya tambara lililosahauliwa ndani ya ndoo.

Bi Darubini alifungua kisanduku chake, akatoa visahani vitatu vya kioo. Asubuhi iliyofuata kifo, alieleza, alikuwa amepaka visahani hivyo rojo ambalo vimelea hulipenda, akaviacha wazi kwa saa moja: kimoja katika Darasa la Tatu, kimoja katika chumba cha walimu, kimoja hapa. Kisha akavifunika na kusubiri.

"Darasa la Tatu: madoa mawili. Chumba cha walimu: matatu, na hayo nayadhani yametoka kwenye makoti yao. Hiki cha hapa hesabu mwenyewe, mimi nimeshindwa."

Rojo la kisahani cha tatu halikuonekana. Kisahani kilikuwa kimefunikwa chote na manyoya meusi na ya kijani.

"Kuvu," alisema Inspekta. "Kuvu ipo hata kwenye mkate wa jana."

"Ipo. Ila hujawahi kuuvuta mkate wa jana puani saa saba kwa siku, siku tano kwa wiki, nawe una pumu kama yule mtoto."

"Na chupa niliyoikamata mkononi mwa mzee?"

"Siki."

"Siki gani?"

"Siki ya jikoni, Inspekta. Imezimuliwa kwa maji. Mwanao akiinywa atakunja uso tu."

"Nilikuta pia kopo la dawa ya mchwa stoo. Nusu yake imetumika."

"Hiyo ni sumu kweli. Lakini haimo katika damu ya mtoto, haimo sakafuni, haimo ukutani. Nimepima mara mbili, maana nilijua utaniuliza mara mbili."

Inspekta alitoa daftari lake mfukoni, akarudi nyuma kurasa kadhaa mpaka mahojiano ya kwanza. Mwandiko ulikuwa wake. *Swali: Ndani ya chupa kuna nini? Jibu: Siki, mwanangu. Nafutia ukungu.* Pembeni, kwa wino uleule, alikuwa ameandika: *Anafanya mzaha.*

Alilifunga daftari. Bi Darubini alijishughulisha na kisanduku chake.

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilikuwa upande wa pili wa uwanja. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu wa mwili, mwenye leso ya kujifutia jasho shingoni na nyingine, nyeupe na iliyopigwa pasi, katika mfuko wa koti.

"Nilidhani kesi imekwisha," alisema. "Wazazi wametulia. Nimewaahidi kwamba leo mtu anapelekwa mahakamani."

"Naomba rejista ya Darasa la Nne."

"Ulikwisha kuiona."

"Niliiona. Sikuisoma."

Katika rejista hiyo, mwanafunzi aliyekosa shule kwa ugonjwa aliandikiwa herufi M kwa wino mwekundu. Inspekta alikuwa amekwisha kuzitumia herufi hizo mara moja, na alizitumia dhidi ya mzee. Zilijazana siku za Jumatatu, tisa, kumi, mara moja kumi na nne; zikapungua kadiri wiki ilivyosonga, na Ijumaa zikabaki mbili au tatu. Kwa kuwa Mzee Funguo alibaki peke yake shuleni Jumamosi na Jumapili, Inspekta alijenga hoja kwamba hapo ndipo alipopuliza sumu. Hoja ilisimama vizuri, na kwa sababu ilisimama vizuri hakuizunguka kuiona upande wa nyuma.

Sasa alifungua kurasa za muhula uliopita, akipitisha kidole safu kwa safu. Kidole kikasimama.

"Wiki hizi mbili hazina M hata moja."

Mwalimu Mkuu aliinama. "Ni kweli."

"Mzee Funguo alikuwa likizo?"

"Likizo? Yule hajui hata likizo inaandikwaje. Tangu nihamie hapa hajakosa siku."

"Basi mtu wangu wa sumu alikuwapo, na sumu haikuwapo. Nani hakuwapo?"

Mwalimu Mkuu alijifuta shingo. "Mwalimu wa darasa. Alikwenda mafunzoni."

Inspekta aliandika *mwalimu wa darasa* katika daftari na kuyapigia mstari maneno hayo. Mwalimu anaondoka, watoto wanapona. Mwalimu anarudi, watoto wanaugua. Alikuwa na mtuhumiwa mpya kabla hata hajamwachilia wa kwanza, na wepesi huo wenyewe ukamtisha. Aliuliza swali jingine.

"Nani alimshikia darasa?"

"Mimi."

"Ulifanya nini ambacho yeye hafanyi?"

"Mimi?" Mwalimu Mkuu alicheka kidogo. "Niulize nilichoacha kufanya. Yule mama ni moto wa kuotea mbali. Kila jioni kabla watoto hawajatoka, sakafu inapigwa deki kwa ndoo, kisha madirisha yanafungwa vumbi lisiingie, na ya Ijumaa hayafunguliwi hadi Jumatatu. Mimi sina ubavu wa mambo ya ndoo. Tulifagia tu. Na madirisha niliyaacha wazi usiku na mchana, mimi mtu wa joto, unaniona nilivyo."

"Na ngao?"

"Umegusa hapohapo! Ngao nusura iondoke. Mkaguzi alipita na leso nyeupe, akafuta sakafu, leso ikatoka na vumbi. Mwalimu aliporudi na kusikia, alininunia wiki nzima."

"Mkaguzi ni nani?"

Cheko lilikatika. Mkono wa Mwalimu Mkuu ulikuwa umekwisha kugusa leso iliyopigwa pasi, katika mfuko wa koti.

"Ni mimi," alisema. "Saa moja na nusu kila asubuhi."

Mwalimu wa darasa aliitwa, akaja akitembea wima kama mtu anayebeba kitu kichwani. Gauni lake lilipigwa pasi hata mikunjo yake ingekata kidole, lakini macho yalikuwa yamevimba. Inspekta alimpeleka Darasa la Nne, ambako Bi Darubini aliwasubiri akiwa ameketi juu ya dawati, miguu ikining'inia.

"Ndoo ngapi, Mwalimu?" aliuliza Inspekta.

"Kumi na mbili. Sita za sabuni, sita za kusuuza. Kila kundi lina zamu yake, na kila kundi lina kiranja."

"Maji hutoka wapi?"

"Mlangoni. Tunayasukuma kwa fagio la mpira."

"Yote?"

"Yote."

Bi Darubini alishuka, akachota maji nusu kikombe kutoka chupa yake ya kunywa, akayamimina katikati ya chumba. Wote watatu waliyatazama. Maji yalitulia, yakajikusanya, kisha yakaanza kwenda. Hayakwenda mlangoni. Yalielekea mbele polepole, wembamba wa utepe, yakapita kati ya madawati mawili, yakafika kwenye jukwaa na kuingia chini ya ubao wa kwanza. Hayakutokea tena.

"Fundi aliyeijenga sakafu hii hakuwa na pimamaji," alisema Bi Darubini. "Ndoo kumi na mbili kwa siku, dada yangu. Kwa muda gani?"

"Miaka miwili." Sauti ya mwalimu ilikuwa chini. "Sikujua." Kisha: "Hapana. Nisiseme uongo. Niliambiwa."

"Na nani?" aliuliza Inspekta.

"Na baba mdogo."

"Baba mdogo yupi?"

"Huyo mliyemfunga. Ni mdogo wake marehemu baba yangu. Nilibaki yatima nina miaka sita, akanichukua. Ufagio huohuo ndio ulionisomesha mpaka chuo."

Inspekta aligeuza kurasa ingawa alijua kwamba jambo hilo halimo. "Hakuna mtu shuleni aliyeniambia."

"Hakuna anayejua. Nilipoajiriwa hapa nilimwomba aniite Mwalimu, nami nimwite Mzee Funguo kama wengine. Niliona… niliona itanipunguzia heshima. Alikubali siku hiyohiyo. Hakuniuliza hata kwa nini."

"Alikuambia nini kuhusu jukwaa?"

"Alinijia hapa watoto wakiwa wametoka. Akasema, 'Mwalimu, chini ya mbao hizi panaoza. Niruhusu nilibomoe jukwaa, na madirisha yalale wazi. Hewa hii si nzuri kwa watoto.' Ilikuwa wiki ya mashindano ya ngao. Nikamwambia…" Aliitazama ngao juu ya ubao. "Nikamwambia, 'Wewe kafagie uwanja.'"

"Akafagia?"

"Akafagia."

Inspekta alitoka, akarudi na mtaimbo kutoka stoo. Aliuchomeka kati ya jukwaa na ukuta, akaegemeza uzito wake. Misumari ililia. Ubao ulipoinuka, harufu iliyokuwa hafifu ilikuja kwa mkupuo mmoja, nao wote watatu wakarudi nyuma. Chini yake kila kitu kilikuwa kimevikwa: mbao, saruji, vipande vya chaki, penseli iliyopotea. Kuvu nyeusi, kuvu ya kijani, na nyingine nyeupe, laini kama sufi, iliyopanda ukutani hadi usawa wa jukwaa. Bi Darubini aliimulika kwa tochi, na katika mwanga mlionekana vumbi jembamba likipaa bila haraka.

Mwishoni mwa jukwaa ubao mmoja ulikuwa umelegezwa zamani. Misumari yake ilitoka kwa vidole tu. Chini yake, saruji ilikuwa safi. Usafi huo ulikuwa na umbo la nusu duara, na ukingo wake ulikoma hasa pale ambapo mkono wa mtu mzima aliyelala kifudifudi ungekoma. Ndani yake lilibaki tambara lililonuka siki.

"Alifuta hadi alipofikia," alisema Bi Darubini.

Inspekta alipiga picha tatu. Alipima nusu duara kwa futi, akaandika namba, akaandika saa. Kisha akauliza kwa sauti yake ya kawaida ya kazi: "Dawati la marehemu lilikuwa lipi?"

Mwalimu alinyoosha kidole. Lilikuwa dawati la kwanza, lililogusana na jukwaa.

"Awali aliketi nyuma, karibu na mlango," alisema. "Mimi ndiye niliyemhamisha. Nilitaka awe karibu, nimsikie akianza kukohoa."

Bi Darubini alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Inspekta, uandike vizuri," alisema mwishowe. "Siwezi kuapa mbele ya hakimu kwamba kuvu hii peke yake ndiyo iliyomwua. Ninaweza kuapa kwamba sumu haikumwua, na kwamba mtoto mwenye pumu hakupaswa kuketi hapa hata siku moja."

Ilikuwa saa saba kasoro robo walipofika kituoni. Kwenye benchi la mapokezi alikuwa ameketi baba wa marehemu, mtu mwembamba aliyevaa suti isiyomtosha mabegani. Alikuwa hapo tangu alfajiri. Askari wa zamu alieleza kwa kunong'ona kwamba hakutaka chai wala maneno. Alitaka tu kumwona mzee akipandishwa kwenye gari la mahakama.

Inspekta alimwacha mwalimu hapo mlangoni, akashuka mahabusu, akafungua yeye mwenyewe. Mzee Funguo alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa amekunja blanketi la serikali kwa pembe nne sawasawa.

"Inuka, mzee wangu. Shtaka limefutwa."

"Mmeinua mbao?"

"Tumeinua."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Ni kubaya?"

"Ni kubaya sana. Kwa nini hukuniambia habari za maji? Kwa nini hukuniambia kwamba mwalimu ni mwanao?"

"Nilikuambia siki, ukacheka. Ningekuambia maji, ungekwenda kumfunga yeye pingu mstarini, watoto wake wakitazama. Wewe una haraka, mwanangu. Nilikuona tangu ulipoteremka garini."

"Nakuomba radhi, mzee."

"Radhi nimekupa. Mimi ni mtu mzima, nikikupa yameisha." Aliinuka kwa kujishikiza ukutani. "Wale watoto mia nne waliotazama, wao utawaombaje radhi? Wamekwisha kujua kwamba Mzee Funguo ni mwuaji. Jambo la kwanza ulilowafundisha ndilo hilo."

Inspekta aliweka karatasi ya kuachiliwa juu ya meza, akampa kalamu.

Mzee hakuishika. "Kwanza niambie. Katika ripoti unaandika jina la nani?"

"Naandika nilichokiona. Maji, mbao, madirisha yaliyofungwa, na leso nyeupe ya kila asubuhi."

"Na binti yangu?"

"Aliambiwa, mzee. Yeye mwenyewe amekiri. Siwezi kuliruka hilo."

"Basi andika kwamba nilimwambia kwa sauti ndogo. Andika kwamba sikurudia. Mtu mzima anaambiwa kafagie uwanja na mtoto aliyemlea, naye anakwenda kufagia! Ningebomoa usiku uleule, angenichukia mwezi mmoja, na yule mtoto angekuwa dawatini leo. Andika hilo."

"Nitaliandika."

Ndipo mzee akatia sahihi, herufi moja moja, kama alivyokuwa amefundishwa.

Walipopanda juu, baba wa marehemu aliinuka. Alimwona mzee hana pingu, akamtazama Inspekta, kisha askari wa zamu, akitafuta atakayemweleza. Inspekta alifungua kinywa. Lakini mwalimu alikuwa amekwisha kutoka mlangoni na kuja kati yao.

"Mwanangu," alisema Mzee Funguo upesi, "acha. Kaa chini. Hiyo ni kazi ya Inspekta."

"Hapana, baba mdogo," alijibu mwalimu, kwa sauti iliyosikika hadi nje. "Ni yangu."

Alimweleza baba huyo kila kitu akiwa amesimama, mikono imeshikana mbele, kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Alimweleza ndoo, jukwaa, madirisha, dawati. Alimweleza alivyoonywa, na jibu alilolitoa. Hakujitetea popote, sentensi zake zilikuwa fupi na hazikuyumba, isipokuwa moja tu, ya mwisho, aliyoianza mara tatu asiifikishe mwisho.

Baba wa marehemu aliketi tena. Askari wa zamu aliacha kuandika. Nje, gari la mahakama lililetwa mbele ya mlango, dereva akapiga honi mara moja, akasubiri, kisha akazima injini.

"Alikuwa akirudi nyumbani sketi imelowa mpaka magotini," baba alisema hatimaye, naye hakumtazama mtu. "Mama yake akigomba, mimi namtetea. Siku moja kabla ya… kabla ya siku hiyo, alikuja mbio, hata begi hajatua. Ananiambia, 'Baba, leo nimefanywa kiranja. Nimepewa upande wa mbele, wa kwenye jukwaa. Nimemwaga ndoo nne peke yangu.'"

Alinyoosha mkunjo wa suruali gotini, akaunyoosha tena.

"Nikamwambia, vizuri sana, mama. Kesho mwaga tano."